Ukuta wa Kibogoyo

Ofisini walimwita Mnong'ono, na hakuwahi kulikataa jina hilo kwa sababu kulikataa kungehitaji sauti. Alikuwa msomaji wa picha katika kitengo cha milima, ghorofa ya juu kabisa, kwenye chumba chenye meza ndefu, taa za shingo ya kupinda na mapazia mazito yaliyofungwa mchana kutwa ili mwanga wa nje usiharibu rangi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa kimya na kutazama, na kwa hilo alijiona ameumbiwa.

Setilaiti ilipita juu ya mlima ikaupiga picha, ikasogea kidogo huko angani, ikaupiga tena kwa pembe nyingine. Picha hizo mbili zililazwa moja juu ya nyingine, moja kwa rangi nyekundu na moja kwa buluu, zikachapishwa kwenye karatasi pana. Kwa macho matupu ilikuwa ni tope la rangi tu. Lakini mtu akivaa miwani ya karatasi yenye kioo chekundu jicho moja na cha buluu jicho la pili, mlima uliinuka pale mezani kama donge lililotiwa hamira, na wageni wengi walinyoosha kidole kuugusa kilele wakakuta hewa.

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Shangazi. Alikuwa shangazi yake wa damu, dada mkubwa wa baba yake, ingawa kitengo kizima kilimwita hivyo hivyo, mpaka mkurugenzi aliyemzidi umri. Mnong'ono aliishi nyumbani kwake tangu alipoanza chuo. Siku ya kwanza kazini Shangazi alimvalisha miwani kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia nyekundu inakaa kushoto, upande wa moyo. Ukiikunja vibaya ukaigeuza, kila jicho linapewa picha ya mwenzake, na mlima mzima unageuka shimo. "Na hapo mwanangu," alisema, "utawahamishia watu kwenye moto huku unajisifu."

Mlima uliokuwa ukiwasumbua msimu huo waliupa jina la Kibogoyo, kwa sababu mdomo wa shimo lake la juu ulikuwa umevunjika upande mmoja, kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Mvua zilikuwa zimeporomosha sehemu kubwa ya ubavu chini ya pengo hilo, na mvua zilipokatika, mlima ukaanza kutoa moshi. Ramani za zamani hazikufaa tena. Watu wa idara ya maafa walikuwa na swali moja tu: lava ikitoka, itatokea pengoni, hilo linajulikana, je, ikishatoka itashika njia ipi? Upande wa kulia kulikuwa na mji mdogo wa kiwanda cha mbao. Upande wa kushoto kulikuwa na kijiji chenye shule, ambayo mabati yake mapya yaling'aa kwenye kila picha kama jino la dhahabu. Malori yaliyopatikana yalitosha kuhamisha upande mmoja, kisha mwingine. Kitengo ndicho kilitakiwa kusema ni upi uanze.

Utaratibu wa kitengo ulikuwa kwamba karatasi moja inasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wanakaa pamoja na kila mtu anasema alichokiona mwenyewe. Msomaji wa tatu alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo walibaki Shangazi na Mnong'ono. Na kwa kuwa Shangazi ni mkubwa, siku zote alianza yeye. Mnong'ono alikuwa amezoea kuitikia "nami hivyo hivyo," na kwa kawaida ilikuwa kweli.

Safari hii Shangazi alisema maporomoko yamejenga ukuta wa mawe juu ya kijiji cha shule, mrefu, umenyooka. Lava ikifika pale itagonga ukuta na kusukumwa upande wa kiwanda. Wa kiwandani waanze, wa shuleni watulie.

Mnong'ono hakuwa ameona ukuta. Alikuwa ameona korongo. Lilianza chini kidogo ya pengo na kushuka moja kwa moja hadi nyuma ya mabati yanayong'aa, kama mfereji uliochimbwa kwa makusudi. Alifungua mdomo, akamtazama Shangazi, akasema, "Nami hivyo hivyo."

Baadaye alirudi mezani peke yake akaitazama tena. Korongo. Akafuta miwani kwa pindo la blauzi. Korongo. Alijua pia jinsi mtu angeweza kukosea: picha hiyo ilipigwa jua likiwa upande wa chini wa karatasi, na jicho la binadamu limezoea mwanga utoke juu, kwa hiyo anayefuata vivuli peke yake huona kilichobonyea kana kwamba kimetuna. Lakini hilo ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Shangazi, aliyeisoma milima tangu enzi picha zikiletwa zimeviringishwa kwenye mabomba ya bati, angekosea hivyo? Basi aliyekosea ni yeye. Usiku mmoja, wakila nyumbani, alijaribu. Alisema, "Shangazi, ule ukuta..." na Shangazi akatabasamu, akamwambia ule ukuta utaokoa watoto wengi bila wao kujua. Mnong'ono akarudi kwenye sahani yake. Nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya furaha ile?

Siku ya mkutano walikuja wageni kutoka idara ya maafa. Aliyewaongoza alikuwa mtu mnene mwenye utani mwingi, aliyeitwa na wenzake Mkuu. Alifuatana na mhandisi wa barabara na karani wa kuandika maazimio. Karatasi ya Kibogoyo ilitandazwa kwenye meza ndefu, taa zikashushwa, miwani ikagawiwa. Mkuu alivaa yake, akasema anaona rangi tu, na kwamba mkewe huona vivyo hivyo akimwonyesha mipango yake. Mhandisi aliivaa juu ya miwani yake ya macho, akasema anaona kitu kama mstari. Wageni siku zote huona wanachoambiwa waone.

Shangazi alisimama kichwani pa meza. Alikunjua miwani, akaivaa, akashika fimbo ya kuonyeshea, akaanza kueleza kwa sauti ile ile iliyowafanya wanafunzi wa vyuo waliotembelea kitengo waache simu zao. Mnong'ono alikuwa upande wa pili, akimtazama kwa fahari. Ndipo alipoona kwamba kioo chekundu kiko kulia. Shangazi alikuwa ameikunja mikono ya miwani kwa nyuma.

Hakufikiri. Kama angefikiri, asingesema, kwa sababu hakuwahi kusema kitu mkutanoni. Lakini lilimjia kama jambo la nyumbani, kama kumwambia mtu kwamba amevaa kandambili za rangi mbili. Alicheka kidogo, akasema:

"Shangazi, umeivaa kinyume."

Chumba kizima kilicheka naye. Mkuu aliuliza sasa mama alikuwa anawaeleza mlima au shimo, maana yeye tangu mwanzo alishasema haoni chochote na akaonekana mshamba. Kicheko kikaongezeka. Shangazi naye alitabasamu. Alivua miwani, akaikunja upya, akaivaa ilivyotakiwa, nyekundu kushoto, akaendelea na sentensi yake pale pale alipoikatia, fimbo ikiwa mahali pale pale.

Hapo Mnong'ono akaacha kucheka.

Mtu mwenye macho mawili akigeuza miwani, mlima unamrukia. Kilichokuwa shimo kinapanda, kilichopanda kinazama. Hata aliyezoea hupepesa macho au hurudi nyuma kidogo. Shangazi hakupepesa. Kwake hakuna kilichobadilika. Kwake ile karatasi ilikuwa bapa miwani ikivaliwa kinyume, na bapa vile vile ikivaliwa vizuri, na alikuwa akiusoma mlima kwa vivuli tu, vivuli ambavyo siku hiyo vilikuwa vinadanganya.

Mambo ya nyumbani yakampanda kichwani yote kwa mpigo. Chai iliyomiminwa kando ya kikombe, na yeye akitania kwamba Shangazi anakinywesha kitambaa. Uzi na sindano alizopewa atunge, akadhani Shangazi anataka kudekezwa. Jinsi Shangazi alivyoacha kuegesha gari mwenyewe, akisema dereva naye apate kazi. Alikuwa amecheka kila mara. Na sasa alikuwa amecheka hapa, mbele ya watu wa nje, na kuwapa wote kicheko cha kuondoka nacho.

Aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitamani meza immeze pamoja na karatasi yake. Na aibu hiyo ilimziba mdomo sawasawa: Shangazi alipofika kwenye ukuta na kugonga fimbo juu yake, Mnong'ono alitazama viatu vyake. Angewezaje kumvua nguo mara ya pili ndani ya kikao kimoja? Mkuu aliuliza kama wasomaji wote wawili wanakubaliana. Shangazi akasema ndiyo. Mnong'ono akatikisa kichwa kukubali. Karani akaandika kiwanda kianze. Wageni wakavua miwani, wakapeana mikono, wakateremka.

Shangazi alikusanya miwani yote kwenye boksi lake, akamwambia amfuate. Waliingia chumba cha kuchapishia, mahali pa mashine kubwa na mabunda ya karatasi, mahali ambapo hakuna kiti.

"Funga mlango."

Mnong'ono alifunga. Machozi yalikuwa tayari yako njiani. Alisema asamehewe, alidhani ni kukosea kuvaa tu, hakujua.

"Sasa unajua," Shangazi alisema.

Alimweleza kwa kifupi, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Jicho la kushoto. Presha ya macho. Lilianza na ukungu pembeni, ukasogea ndani taratibu, na daktari alipolipima alimwambia mshipa wa nyuma umeshakufa, hakuna cha upasuaji wala dawa, walinde tu la kulia. Hakumwambia mtu. Angebaki kitengo hiki kufanya nini, kupokea simu? Alijifunza kusoma vivuli, na vivuli vilimtii. Alipofika hapo aliweka kiganja juu ya mashine iliyokuwa bado na joto.

"Kunicheka umenicheka. Hilo litapita, nimechekwa na wenye midomo mikubwa kuliko wewe. Sasa niambie. Pale ninapoona ukuta, wewe unaona nini?"

Mnong'ono alitazama sakafu.

"Nimekuuliza swali."

"Korongo."

"Umeliona leo?"

"Hapana."

"Lini?"

"Siku ile ile tuliyosoma."

Nje mtu alipita korido akipiga mluzi, akapotea. Shangazi hakupaza sauti; ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Yaani wa shuleni tumesema watulie, na wewe unalijua korongo. Tunakula meza moja, unanipakulia wali, na unalijua korongo."

"Nilidhani nimekosea mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa nakuheshimu, Shangazi."

"Heshima gani hiyo, ya kuniacha nizike watoto wa watu? Mimi nina jicho moja, angalau nina la kusingizia. Wewe una macho mawili."

Mnong'ono alikuwa amejiandaa kuona aibu kwa sababu ya kicheko. Alikuwa ameipanga aibu hiyo vizuri, na hata kulia alikuwa amelilia jambo hilo. Sasa aliona kwamba alikuwa ameona aibu ya kitu kidogo ili asilazimike kuitazama ile kubwa. Hakumnyamazia Shangazi kwa upendo. Alinyamaza kwa sababu kunyamaza ni rahisi, na jina la upendo alilitia baadaye ili mambo yapendeze.

Shangazi alikuwa ameshafungua mlango. "Hawajaondoka," alisema. "Yule bwana hawezi kuondoka bila kumaliza hadithi moja na mlinzi."

Walimkuta Mkuu kwenye maegesho, mkono juu ya mlango wa gari, injini ikiunguruma, dereva ndani akisubiri. Mhandisi na karani walikuwa wamekaa nyuma. Alipomwona Shangazi, Mkuu akauliza kama wamekuja kumdai miwani, maana aliondoka na moja mfukoni kwa bahati mbaya.

"Mheshimiwa, tumekupa kitu kibaya," Shangazi alisema. "Msikilize huyu." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamwacha mbele.

Mnong'ono alisema. Mkuu akainamisha sikio, akamwambia aongeze sauti, anaongea na tumbo la gari. Alisema tena, na mara hii sauti ilitoka kubwa mno, mlinzi wa getini akageuka. Alisema hakuna ukuta juu ya shule. Kuna korongo, na linatoka pengoni moja kwa moja hadi nyuma ya madarasa. Wa shuleni ndio waanze.

"Dakika chache zilizopita ilikuwa ukuta," Mkuu alisema. "Sasa korongo. Nikifika ofisini litakuwa daraja?" Dereva alicheka. Mkuu hakucheka. "Na wewe nilikuuliza mle ndani ukatikisa kichwa. Kwa nini hukusema?"

Jibu lilikuwa pale pale, nyuma yake hatua moja. Angeweza kusema msomaji mkuu haoni, na lingekuwa kweli, na kila mtu angemwelewa. Alihisi neno hilo likija ulimini na akaona jinsi lilivyo jepesi.

"Niliogopa kumkosoa Shangazi."

"Uliogopa." Mkuu alimtazama kama mtu anayetafuta bei kwenye bidhaa isiyo na bei. "Kuna madarasa mangapi pale, unajua? Uliogopa."

Karani alikuwa ameshusha kioo ili asikie vizuri.

"Jicho langu la kushoto halioni," Shangazi alisema kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida. "Ndiyo maana niliona ukuta, na ndiyo maana nilivaa miwani vile. Huyu jicho langu hakulijua mpaka leo. Korongo alilijua."

Hakumtetea zaidi ya hapo, na hakumpunguzia. Mkuu alivua kofia, akaivaa tena. Utani ulikuwa umemwisha. Alimuuliza Mnong'ono kitu kimoja tu, kama ana hakika, na Mnong'ono akageuka kumtafuta Shangazi kwa macho, kama alivyofanya maisha yake yote. Shangazi alikuwa akitazama geti.

"Nina hakika."

Mkuu alitoa simu, akasogea kando. Walimsikia akisema malori yageuze, yaanze na shule, ndiyo, shule, si kiwanda, na kwamba maelezo atayatoa yeye. Alipanda gari bila kuaga. Karani alipandisha kioo.

Walipanda ngazi. Korido ilishajua habari ya miwani. Mtu wa masijala alinyamaza ghafla walipopita, na nyuma yao kikasikika kicheko kilichobanwa puani. Mnong'ono aligeuza shingo. Shangazi hakugeuza.

Kule chumbani Shangazi aliwasha taa zote, akafungua kabati la picha zilizokwisha kusomwa, akaanza kutoa karatasi. Si za Kibogoyo peke yake. Alitoa za milima yote, kila waliyoisoma wao wawili tangu ukungu ulipoingia jichoni, akazirundika mezani mpaka rundo likaegemea taa. Mnong'ono alifahamu. Kwenye kila mojawapo ya karatasi zile yeye alikuwa msomaji wa pili. Kwenye kila mojawapo alikuwa amesema nami hivyo hivyo.

Alikwenda kufunga mlango.

"Uache wazi," Shangazi alisema.

"Watu wanapita, Shangazi."

"Wapite."

Shangazi aliketi upande wa kuandikia, si kwenye kiti chake cha kusomea. Alichukua penseli na raba. Hakuvaa miwani. Mnong'ono aliketi pale palipobaki, akavuta karatasi ya kwanza, akaangalia kioo chekundu kiko wapi, akavaa. Milima ikasimama. Aliisoma polepole, akitaja kila kitu alichokiona: mgongo, bonde, kilima kidogo, na kila mara penseli ya Shangazi ilishuka kwenye maandishi yake ya zamani na kuweka alama kwamba ni sawa. Karatasi ya pili ikapita. Ya tatu nayo. Akaanza kupata pumzi.

Kwenye ile iliyofuata kulikuwa na mlima mwingine, uliokaa mbali na watu, na juu ya ubavu wake Shangazi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: tuta la mawe. Mnong'ono alitazama. Alitazama tena. Mlangoni kulikuwa na mtu aliyesimama, pengine amekuja kuchukua karatasi za kuchapa, pengine amekuja kusikiliza.

"Shimo," alisema.

"Sikusikia."

Shangazi alikuwa amesikia. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hata aliyesimama mlangoni alikuwa amesikia.

"Ni shimo, Shangazi. Si tuta. Na nililiona siku ile."

Raba ilipita juu ya karatasi, ikarudi, ikapita tena, mpaka neno likatoka. Shangazi akapuliza vumbi lake.

"Endelea," alisema.